Je, Pikipiki Kuukuu Yahitaji Rejeta ya Oili?

Katika vijiji vingi vya nchi yetu pikipiki si anasa tena. Ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati, ndiyo ichukuayo gunia la mahindi hadi barabara kuu, na ndiyo imlishayo kijana aliyemaliza shule asipate ajira ya ofisini. Kanuni za mwaka 2010 za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji za abiria zilikitambua rasmi chombo hiki, na tangu hapo idadi yake imeongezeka sana. Nyingi ya pikipiki hizo zina silinda moja yenye ujazo wa sentimita 125 au 150 za ujazo, injini ya mipigo minne, na hazina maji wala feni ya kuzipoza. Hutegemea upepo peke yake.

Pikipiki ya namna hiyo ikizeeka, mwenyewe huanza kulalamika kwamba inachemka. Nguvu hupungua mlimani, oili hugeuka nyeusi mapema, na harufu ya kuungua hupanda hadi pajani. Hapo ndipo huzuka swali hili: je, si vema kuifungia rejeta ndogo ya oili, kama zile zionekanazo kwenye pikipiki kubwa?

Nitatoa maoni yangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa pikipiki nyingi kuukuu za mizigo na abiria, naona jibu ni hapana. Na hata pale ambapo jibu lingekuwa ndiyo, si kabla ya joto la oili kupimwa. Sababu zake hazimo katika vitabu vya chuo kikuu tu. Zimo katika fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne amekwisha kuisoma.

Mfano wa Ndalambo

Tuchukue mahali mahususi ili hesabu zetu zisielee hewani. Ndalambo iko katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Upande huo ni nyanda za juu. Mji wa Tunduma ulio jirani una mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Lakini wilaya hiyohiyo inateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako mwinuko ni kama mita 800 tu na joto ni kali. Barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni ya lami, lakini njia nyingi zinazoichepuka ni za udongo, zenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wa nyanda za juu ni wa baridi, na hali ya joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi.

Kwa hiyo pikipiki moja, katika siku moja, yaweza kuwashwa kwenye baridi ya alfajiri, kuteremka bondeni kwenye jua kali, na kurudi ikipanda mlima na mzigo. Injini ya kupozwa kwa hewa hupata mtihani mgumu katika mazingira kama hayo.

Joto hutoka wapi na huenda wapi?

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Pikipiki inayotumia lita moja kwa saa hupokea basi nishati hiyo katika sekunde 3,600, yaani kilowati 8.9 hivi. Katika hizo, robo tu, kama kilowati 2.2, ndiyo hufika kwenye gurudumu kama kazi. Sehemu kubwa ya zinazobaki hutoka na moshi, na takriban theluthi moja ya jumla, yaani kilowati 3 hivi, hupita katika chuma cha injini na oili na lazima itoke kwa hewa inayopita nje. Ni sawa na pasi tatu za umeme za wati 1,000 kila moja, zikiwaka bila kuzimwa katikati ya miguu ya dereva.

Joto hilo husafiri kwa mpitisho kutoka ukuta wa silinda hadi kwenye mapezi, yaani zile sahani nyembamba zinazoizunguka silinda, kisha huchukuliwa na hewa kwa myuko. Oili nayo hubeba sehemu ya joto kutoka kwenye pistoni na beringi, hulishusha hadi chini ya injini, na kulitoa kupitia kuta zake. Rejeta ya oili huongeza njia moja katika safari hii ya mwisho: oili hutolewa nje kwa bomba, hupitishwa katika vijia vyembamba vyenye mapezi yake, kisha hurudishwa ikiwa imepoa kidogo.

Hadi hapo hoja ya wanaoitetea rejeta ni sahihi. Eneo la kupozea likiongezeka, joto hutoka zaidi. Kosa huanza pale tunaposahau kuuliza: joto hutoka kwenda kwenye upepo upi?

Hesabu ya mlima

Tuchukulie kwamba pikipiki, dereva, abiria na mzigo vina jumla ya kilo 300. Mzigo peke yake ni kilo 50. Pikipiki hii ikienda kilometa 50 kwa saa kwenye barabara ya udongo iliyo tambarare, hushindana na ukinzani wa magurudumu wa kama nyutoni 90 na ukinzani wa hewa wa kama nyutoni 60. Jumla ni nyutoni 150. Kwa mwendo wa mita 13.9 kwa sekunde, nguvu inayohitajika ni wati 2,100 hivi.

Sasa ianze kupanda mlima wa mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Ukinzani wa hewa karibu unatoweka, lakini uzito wa nyutoni 3,000 unaivuta nyuma kwa kani ya nyutoni 300. Ukiongeza 90 za magurudumu, jumla ni 390. Kwa mwendo wa mita 5.6 kwa sekunde, nguvu ni wati 2,200 hivi.

Msomaji ataona jambo la ajabu kidogo: kazi ya injini ni karibu ileile, na joto inalotoa ni karibu lilelile. Kilichobadilika ni upepo, ambao umeshuka kutoka kilometa 50 hadi 20 kwa saa. Uwezo wa hewa kupoza mapezi hufuatana, kwa makadirio, na mwendo wake ukiwa katika kipeo cha 0.6. Kwa mwendo uliopungua hadi sehemu mbili kwa tano, uwezo huo hubaki asilimia 58. Kama silinda ilikuwa na joto la nyuzi 100 juu ya joto la hewa ilipokuwa tambarare, itaelekea nyuzi 172 juu ya joto la hewa iwapo mlima ni mrefu wa kutosha.

Sasa tuifunge rejeta. Tuchukulie kwa ukarimu kwamba inaongeza uwezo wote wa kupoza kwa sehemu moja ya kumi. Nyuzi 172 zitashuka hadi 156 hivi. Lakini tungeuacha nyumbani ule mzigo wa kilo 50 badala ya kufunga rejeta, joto lingepungua kwa sehemu moja ya sita, na nyuzi 172 zingekuwa 143. Gunia moja dogo lina athari karibu mara mbili ya rejeta tuliyoikadiria kwa ukarimu. Sitaji hata mishikaki, ambapo abiria wawili au watatu hupangwa nyuma ya dereva mmoja.

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaonyesha jambo la msingi. Rejeta hiyo ndogo haina feni. Hupozwa na upepo uleule unaoyapoza mapezi. Upepo ukipungua, nayo hupungukiwa; pikipiki ikisimama na injini inaunguruma, huwa karibu haina kazi. Hutoa joto kwa wingi kwenye mwendo wa kasi, ilhali dereva wa Ndalambo huteseka kwenye mwendo wa polepole wenye mzigo.

Waundaji walilijua hili

Baadhi ya wasomaji watauliza: mbona viwanda vyenyewe hufunga rejeta za oili? Ni kweli, na inafaa kutazama walivyofanya. Magari ya zamani ya Volkswagen yenye umbo kama la kobe yalipozwa kwa hewa na yalikuwa na rejeta ya oili tangu kiwandani. Lakini iliwekwa katika njia ya feni iliyozungushwa na mkanda wa injini, hivyo upepo haukutegemea mwendo wa gari. Pia kulikuwa na vali ya springi iliyoiruhusu oili nzito ya baridi kuikwepa rejeta mpaka ipate joto. Mwaka 1985 Suzuki walitoa pikipiki ya GSX-R750 iliyopozwa kwa hewa na oili. Ilikuwa na nguvu za farasi kama 100, pampu kubwa, na vitundu maalumu vya kurushia oili chini ya pistoni. Katika mifano yote miwili rejeta ilikuwa kiungo kimoja cha mwili uliosanifiwa kwa pamoja.

Pikipiki zetu zina historia nyingine. Nyingi ya zile za bei nafuu zitokazo China zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamechunguza kwa nini injini zao za awali ziliharibika upesi katika nchi zinazoendelea. Waliona kwamba pikipiki zilibebeshwa mizigo mikubwa na oili haikubadilishwa kwa wakati, na sehemu za juu za injini, zenye mnyororo na ekseli ya kuendeshea vali, zikalika. Jibu lao halikuwa rejeta. Walirudi kwenye vijiti vya kusukumia vali, muundo wa zamani usiodai oili nyingi juu ya silinda, na wakaweka chujio linalozunguka pamoja na krenki ili kuutupa uchafu pembeni. Walisanifu injini ya takriban nguvu za farasi 11 inayoridhika na lita moja hivi ya oili. Anayetaka kuiongezea kiungo injini hiyo ajue kwamba anajadiliana na watu waliolifikiria tatizo lake kabla yake.

Madhara yasiyoonekana dukani

Rejeta ina gharama zake hata baada ya kulipiwa. Kwanza ni baridi kupita kiasi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji kama mvuke. Sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya kwenye ringi na kuingia katika oili, hasa ringi zikiwa zimechakaa. Oili ikipata joto la kutosha, maji hayo hufukuzwa. Isipopata, hukaa humo, hujichanganya na masizi na petroli isiyoungua, na kufanya ute mzito kama uji unaoziba njia. Asubuhi za Julai katika nyanda za juu, kwa safari fupi za shule na soko, rejeta isiyo na vali ya kuikwepa huleta ugonjwa huu haraka. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea udaktari niliona waendesha pikipiki wakizifunika rejeta zao kwa kipande cha ngozi wakati wa majira ya baridi. Walikuwa wamenunua kifaa cha kupoza, kisha wakalazimika kukizuia kisipoze.

Pili ni pampu. Pampu ndogo ya injini hizi ilipimwa kwa njia fupi za ndani. Mabomba na vijia vya ziada huongeza ukinzani, na kama rejeta imeunganishwa vibaya, oili inayofika kwenye beringi hupungua.

Tatu ni maungio. Kila bomba lina maungio mawili ya kuvuja, na barabara ya mawe huyatikisa siku nzima. Injini yenye lita moja ya oili haina akiba. Bomba likipasuka, oili huisha katika muda mfupi. Pikipiki hizi aghalabu hazina taa ya kumwonya dereva. Atakachokisikia ni mlio wa chuma, na kisha kimya. Kwa kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba, anayempelekea tajiri wake hesabu kila siku au kila juma, kimya hicho ni deni. Kwa mgonjwa aliyeketi nyuma yake huenda kikawa zaidi ya deni.

Na kwa pikipiki za zamani za mipigo miwili swali lenyewe halipo. Oili yake huungua pamoja na petroli na kutoka na moshi. Hakuna oili inayozunguka ya kupozwa.

Tiba zilizo karibu

Kabla ya kununua kifaa kipya, yapo mambo matano ambayo fizikia inayatanguliza.

La kwanza ni usafi wa mapezi. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko tope lililokauka. Mapezi yaliyojaa tope yamevalishwa blanketi. Vivyo hivyo ngao za plastiki, mifuko na madumu yanayofungwa mbele ya silinda huuzuia upepo usifike.

La pili ni oili yenyewe. Kadiri joto linavyopanda kwa kila nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika huongezeka takriban maradufu. Oili kidogo, au iliyochoka, hubeba joto vibaya na kulainisha vibaya. Kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki kifuatwe, na oili iwe ya pikipiki yenye klachi inayoogelea katika oili, mathalani yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza ni jiko jingine ndani ya injini. Lile chujio linalozunguka nalo lifunguliwe na kusafishwa. Wengi hulisahau kwa sababu halionekani.

La tatu ni kabureta. Katika mwinuko wa mita 1,500 uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi, na fundi huipunguza. Akiipunguza mno, pikipiki hiyo ikishuka Rukwa kwenye hewa nzito huwa na petroli pungufu, na injini huzidi kupata joto.

La nne ni muda wa cheche na nafasi za vali. Cheche ikichelewa, moto huwaka huku vali ya moshi ikikaribia kufunguka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni huishia kwenye kichwa cha silinda.

La tano ni mzigo na namna ya kuendesha: kushuka gia mapema, kutoishikilia injini kwa klachi mlimani, na kupumzika kileleni kabla injini haijalazimishwa.

Ringi zilizokwisha hazitibiwi na lolote kati ya haya, wala na rejeta. Gesi ya moto itaendelea kupenya hadi kwenye oili. Najua kwamba kutengeneza silinda ni ghali, na kwamba rejeta huonekana kuwa njia nafuu ya kuahirisha. Lakini bandu bandu huisha gogo: fedha za rejeta, mabomba na oili itakayovuja zingekuwa tayari zimelipia sehemu ya matengenezo yenyewe.

Kazi kwa shule

Sipendi hoja hii ibaki maneno ya mwalimu wa chuo. Shule yoyote ya sekondari yenye pikipiki ya jirani na kipimajoto inaweza kuihakiki. Ila tahadhari: kipimajoto cha kioo cha maabara aghalabu huishia nyuzi 110, na oili ya moto huweza kukizidi na kukipasua. Kitumike kipimajoto cha umeme chenye waya wa kuchovya, kinachofika nyuzi 200 au zaidi. Injini izimwe kabisa, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe kwa kitambaa, na waya uingizwe usiguse chuma.

Wanafunzi wapime joto la oili katika hali tatu: asubuhi baada ya safari fupi, baada ya nusu saa ya barabara tambarare, na mara baada ya kupanda mlima na mzigo uliopimwa kwa mizani. Kila mara waandike joto la hewa. Kisha wasafishe mapezi na kurudia. Wabadilishe oili na kurudia. Wapunguze mzigo na kurudia. Wasibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa maana hawatajua lipi limeleta tofauti. Pikipiki ikiwa imesimama, wapime kila dakika mbili na kuchora grafu ya kupoa. Wataiona sheria ya Newton ya kupoa ikijichora mbele yao.

Kwa kawaida oili ya injini yenye afya hucheza kati ya nyuzi 80 na 120. Ikionekana kwamba baada ya tiba zote tano bado inapita 130 kila siku ya kazi, basi mwenye pikipiki ana sababu ya kufikiria rejeta. Iwe ndogo, iwe na vali ya kuikwepa oili ikiwa baridi, ifungwe mahali penye upepo pasiporushiwa mawe, na mabomba yakaguliwe kila juma. Hapo sitampinga, kwa kuwa atakuwa na kipimo mkononi.

Ninachokipinga ni ile tabia ya kukitwaa kifaa kwa sababu kimeonekana kwenye mashine kubwa ya watu wengine. Tumeizoea katika mambo mengi: pampu za maji zisizolingana na kisima, mbolea isiyolingana na udongo. Pikipiki ni mwalimu mzuri wa kutuondolea tabia hiyo, maana iko mlangoni pa kila shule na makosa yake hujulikana upesi. Walimu wa fizikia wa Momba na wilaya nyingine waitumie. Kijana atakayehitimu akijua kupima joto la oili kabla ya kufungua pochi atamsaidia jirani yake mwenye mkataba kuliko atakayekariri tu orodha ya njia tatu za kusafiri kwa joto.